Aliyemtoa Mdogo Wake Ukumbini

Kwako kaka Deo, hapo Kibaoni.

Habari za nyumbani? Miguu ya mama bado inavimba? Wifi na watoto hawajambo? Nilisikia ndege wa kwelea kwelea wamewasumbua sana msimu huu, natumaini mmepata hata mpunga wa kula. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hapana. Yule mzee niliyekuwa namhudumia amefariki, juzi tumemzika.

Sikuwahi kuwaeleza vizuri alikuwa nani. Kwetu tuna Bunge moja, huku wana mawili, na lile la juu linaitwa Seneti. Enzi zake mzee alikuwa Spika wa Seneti. Yeye ndiye aliyekalia kiti, anampa mtu nafasi ya kusema, anamnyamazisha anayevunja utaratibu. Mwenyewe hakuruhusiwa kuwa na upande.

Sasa mdogo wake, tumbo moja, alikuwa seneta humo humo. Siku moja wakawa wanajadili kuifunga hospitali ya wilaya ya kwao. Mdogo mtu akasimama kuitetea, muda wake ukaisha, akakataa kukaa. Mzee akamwonya, akamwonya tena, kisha akaagiza walinzi wamtoe ukumbini. Hospitali ikafungwa. Toka hapo hawakusemezana.

"Alikuwa anasema kweli," mzee aliniambia siku moja namlisha uji. "Hata mimi niliitaka ile hospitali. Mama yetu alikuwa anatibiwa pale."

"Sasa mbona ulimtoa?"

"Wengine nilikuwa nawatoa, binti. Yeye ningemwacha kwa sababu ni damu yangu?"

Nikamfuta mdomo, kaka, nikamchotea uji mwingine.

Alipozidiwa aliniomba nimpigie mdogo wake simu. Nikapiga, nikaeleza kuwa kaka yake hawezi tena kuinuka. Yule mtu akasema, "Mwambie Mheshimiwa Spika kwamba mimi sina nafasi ya kusema." Akakata. Mzee alikuwa ananitazama usoni. Nilitaka kudanganya nikashindwa, nikamwambia vile vile. Akafumba macho, machozi yakawa yanamtoka pembeni.

Baadaye akasema, "Akija, mwambie nimempa nafasi. Aseme mpaka achoke."

Hakuja. Mzee alikata roho mimi ndiye niliyemshika mkono.

Kwenye mazishi nikamwona mtu mwenye sura ile ile ya mzee, anatembelea fimbo, amesimama mbali na familia. Nikamfuata, nikamfikishia maneno kama nilivyoachiwa. Akasogea mpaka kwenye jeneza, akafungua mdomo. Watu wote wakanyamaza kumsubiri. Kaka, hakikutoka kitu. Alisimama hivyo hivyo, mpaka binti yake akaja akamshika mkono, akamrudisha kwenye kiti.

Nililia sana. Baba yetu mlimzika mimi nikiwa huku, kwa hiyo nililia vilio viwili kwa pamoja, na watu wakawa wanashangaa mhudumu ana uchungu gani hivyo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, si mama. Kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba wa baba, mwenyekiti ulikuwa wewe, na mdogo wetu Fabi alipowatukana baba wadogo ukamwambia atoke. Hakuna aliyesema ulikosea, na mimi sisemi. Lakini alitoka akaenda Mwese, hajarudi. Kila nikimpigia mama ananiuliza kama Fabi amenitafuta. Ananiuliza mimi niliye mbali, kwa sababu wewe anaogopa kukuuliza.

Najua barabara ya Mwese ilivyo, na mvua zikianza hata bodaboda hazipiti. Nenda kabla, kaka. Usiende na wazee, na habari za kikao usizianzishe. Kaa naye tu, hata kama hatakukaribisha.

Msalimie wifi, baba mdogo wa Kawajense, na mama mkubwa wetu wa kwaya pale kigangoni. Mama usimwambie habari za huu msiba, ataanza kuwaza kazi yangu. Na Fabi ukimpata, salamu zangu ziache kwanza. Mpe za mama.

Ni mimi mdogo wako, nikiwa na huzuni,

Anjela