Baba Mkwe Anapima Maziwa kwa Tumbo Langu

Mpendwa mshauri, kabla hujacheka naomba unisaidie, maana nyumba yangu inavunjika. Nimeoa katika familia inayonunua maziwa kwa wafugaji na kuyauza mjini, na siku nilipokwenda kuposa nilipewa jagi zima, nikanywa kwa adabu, mazungumzo yalipokolea tumbo likaanza kunguruma mpaka wajomba wakanyamaza, mimi nikatamani ardhi ipasuke, lakini baba mkwe akasimama, akapiga makofi, akasema, "Tumbo hili linayajua maziwa! Yangekuwa na maji lisingejibu!" basi nikapewa binti na kazi siku hiyohiyo. Tangu hapo kila asubuhi wauzaji wanapanga madumu yao, mimi nalala kwenye benchi shati juu, nakunywa kikombe kutoka kila dumu, na mzee anaweka sikio kitovuni, likinguruma anasema, "Safi, pokea!" na likinyamaza muuzaji anafukuzwa kama mwizi. Sasa daktari ameniambia mwili wangu hauwezi kumeng'enya sukari ya maziwa, niyaache, lakini nitamwambiaje mzee wakati fundi wa mabango ameshachora tumbo langu ukutani, na kitovu chake, chini ameandika YAMEPIMWA? Na mke wangu, ambaye nampenda kuliko kitu chochote, amehamia kwa shangazi yake, anasema hewa ya chumbani haivumiliki, na kwa kuwa sijamweleza kitu anadhani namfanyia makusudi. Nikisema ukweli naogopa wataona nimeoa kwa hila. Nifanyeje?

Mkwe Mpimaji

Pole sana, Mkwe. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Tumbo lako lilikuwa linaomba msaada, nyinyi mkalipigia makofi! Hali yako wala si ya kuficha. Watu wengi wakishakua, mwilini mwao hupungua kile kinachoivunja sukari ya maziwa, basi inashuka nzima, inachachia huko chini, na mengine shangazi wa mkeo ameshasimuliwa. Lakini hata kama tumbo lingekuwa kipimo, halijibu papo hapo. Huchukua nusu saa, pengine saa kadhaa. Kwa hiyo mngurumo mliousikia kwenye dumu la mwisho huenda ulikuwa wa dumu la kwanza, na mmefukuza watu wenye maziwa mazuri mkapokea maji kwa heshima zote. Hukuona haya?

Nunueni kipimo cha maziwa, kile cha kioo kinachoelea, nacho hakihitaji benchi. Wauzaji mliowafukuza wafuateni muwaombe radhi, mzee akitangulia. Wewe acha maziwa kwanza. Tumbo likitulia, jaribu mtindi kidogo pamoja na chakula, wengi wa hali yako huuvumilia. Ukikusumbua, uache nao. Mifupa ipe dagaa na mboga za majani. Ukikaribishwa chai uliza ina nini, na mwenyeji akinuna, mwache anune. Bango lipakwe rangi.

Lakini kabla ya hayo yote nenda kwa shangazi, leo, ukamwambie mkeo alichokwambia daktari. Umemwacha mtoto wa watu aamini unamfanyia makusudi, eti unamwogopa baba yake! Yeye alikupenda wewe. Aliyefunga ndoa na tumbo lako ni baba mkwe, na huyo ndiye wa kupewa talaka.