Njia ya Bandarini

Nagasaki, Rajabu 1303. Mwaka wa pili tangu niondoke Bagamoyo.

Mjukuu wangu Mwanaidi, marahaba. Mimi mzima, ila mgongo umechoka kwa kuchochea makaa ya meli. Nimefurahi kusikia mama yako kajifungua salama.

Waniuliza Wajapani husemaje wakienda mahali. Hutaja kwanza mahali, kisha “e”, na kwenda huja mwisho: Minato e ikimasu, naenda bandarini. Nilifundishwa na akina mama wanaopakia makaa melini kwa kupokezana vikapu, nilipofika hapa mara ya kwanza, ndevu zangu zingali nyeusi.

Siku ileile nilipotea mjini, na meli ilikuwa iondoke adhuhuri. Nikamwona mzee dukani kwake. Mtu wa kwetu haulizi njia kabla ya kujuliana hali, nami maneno hayo sikuwa nayo, basi nikainama. Naye akainama. Nikaona si adabu yeye awe wa mwisho kuinama, nikainama tena. Tukawa hivyo mpaka meli ikapiga honi!

“Minato e ikimasu!” nikapiga kelele.

Mzee akacheka, akaliacha duka wazi, akanishika mkono tukakimbia. Ngazi ilikuwa ikipandishwa. Wale akina mama waliponiona wakapiga makelele hata ikashushwa.

“We Mbagamoyo, nani kakuleta?” wenzangu wakauliza.

“Ulimi wangu!”

Mpaka leo najivunia. Lakini nikiwa peke yangu humkumbuka zaidi yule mzee, na duka lake lililobaki wazi.

Idi ya kuchinja nitaila nanyi nyumbani, Mungu akijaalia.

Babu yako