Kuni Ambazo Hazikupimwa

Jumatatu, 6 Juni 1988
Nimepima kuni za asubuhi. Wiki hii na ijayo ni zamu ya jiko langu la udongo. Wiki mbili zilizopita Shangazi Adela alipikia mafiga. Ndizi zilezile, maharage yaleyale, sufuria ileile. Profesa anataka vipimo vya miezi miwili ndipo aamue kama nafasi ya kusomea uzamivu ni yangu. Barua iondoke na gari la misheni tarehe 17. Shangazi anawaambia majirani hapa Rugera kwamba nitakuwa daktari wa majiko. Sijamsahihisha.

Jumamosi, 11 Juni
Nimejumlisha. Jiko langu linakula nusu ya kuni za mafiga. Nusu! Chuoni halikukaribia hapo. Shangazi amechinja kuku. Mimi sina raha.

Jumatano, 15 Juni
Nilikwenda Nyakahanga kutafuta karatasi ya kaboni. Nikakosa, nikarudi mapema. Nikamkuta Shangazi anatoka migombani, kuni kwapani. Hazikuwa za mzigo niliopima.
"Shangazi, hizo nimezipima?"
Akaziweka chini. "Jiko lako lilikuwa linashindwa, mwanangu. Nikae natazama tu?"
Anasema amekuwa akiziongeza jikoni tangu wiki ya kwanza. Na goti lake lile bovu.
Nimekasirika. Nimeona aibu pia.

Alhamisi, 16 Juni
Mezani kutwa nzima. Hakuna atakayejua. Nimenakili jedwali lile zuri, nikalichana. Nikalinakili tena. Mwisho nimeandika ukweli: vipimo vya jiko jipya havifai, naomba miezi miwili mingine.
Shangazi ameuliza kama ameniharibia. Nimesema ndiyo. Kisha nikamsaidia kumenya ndizi.

Ijumaa, 17 Juni
Barua imeondoka.

Jumatatu, 5 Septemba
Jibu limefika. Nafasi amepewa mwingine. Naweza kuomba tena mwakani. Nilitegemea hivyo, lakini imeuma.
Vipimo vipya vimekamilika, safari hii vya haki. Jiko linaokoa kuni kidogo mno.
Nilimsomea Shangazi barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdomo wa jiko ni mwembamba. Kuni nene haziingii, nyembamba zinawaka upesi zinaisha. Nililiona hilo siku ya kwanza."
"Mbona hukuniambia?"
"Wewe ndiye msomi. Hukuniuliza."
Alasiri tumekanda udongo. Ameonyesha kwa viganja upana anaoutaka. Nimeuandika.