Sahani ya Majirani wa Chini

Nishapuri,
mwisho wa Esfandi, mwezi wa kufunga mwaka

Kaka yangu mpendwa Bahman,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Hamburg? Baridi imekuachia? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua, na kila simu ikilia anadhani ni wewe.

Ujumbe wako wa kuuza shamba nimeupata. Mnunuzi wako, Bwana Tavakoli, alishafika, akakanyaga shayiri yetu kama yake. Anataka kuchimba, wala hafichi. Alisema huku akicheka, "Dada, chini hapa umelala mji mkuu mzima na vyombo vyake, nyinyi mnahangaika na shayiri!" Mama akamwambia akachimbe kaburi la mamake kwanza.

Unakumbuka Baba alivyotusimulia: wafalme walikaa hapa, wanazuoni wakaja kutoka kila upande, kisha wakaingia Wamongolia, wakaua hata paka. Mpaka leo jembe likizama linatoa vigae vya buluu. Sisi tulicheka. Yeye alichimba mifereji ya maji chini ya ardhi maisha yake yote, na hakucheka. Kila aliposhuka alivaa nyeupe, kama wachimbaji wenzake, ili udongo ukimwangukia awe ameshavaa sanda. Mwaka aliotoboa ukuta kwa bahati mbaya chini ya shamba letu, akajikuta katika jiko la watu wa kale, tanuri lingali na majivu, aliliziba tundu kwa mikono yake. Akasema hao ni majirani. Tangu hapo, kila Alhamisi ya mwisho wa mwaka, sisi tukipeleka halua makaburini, yeye aliteremsha sahani moja kwa kamba katika kisima cha kushukia mfereji ule. Wewe ulimwita mwehu mbele ya watu.

Tangu mfereji umfukie, tukashindwa kumtoa, naiteremsha mimi. Mama anapika. Sahani hupanda tupu, nami hujiambia ni panya.

Unajua kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata kama ni bonge la sukari tu litawekwa. Lakini kutoka chini sikuwahi kungoja kitu. Kaka, naogopa kuandika haya. Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, nilivuta kamba nikaikuta sahani imeoshwa. Ndani yake mlikuwa na pete ya Baba, ile ya akiki aliyoshuka nayo kidoleni. Haikuwa hata na tope.

Nilimpelekea Mama. Hakulia. Aliivaa, akasema, "Kumbe wamempokea vizuri."

Kwa hiyo sitatia sahihi hati ya kuuza shamba. Ukitaka kuuza, njoo mwenyewe, uteremshe sahani, umwombe Baba ruhusa.

Wasalimie wanao, uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Yuko jikoni sasa hivi, anakaanga unga wa halua nyingine, ingawa Alhamisi imeshapita.

Dada yako akupendaye,
Mahrokh