Visanduku Sita Mahali pa Jina Lako

Tiziri, dada yangu,

Nimekaa katika duka langu la uchapaji tangu asubuhi na sijachapa kitu. Nimechoka. Ni miezi mitatu tangu presha ikuchukue, na shule yako ya Khwisero bado haijapata mwalimu mwingine wa Kifaransa. Mumeo Ambani ananiambia niliache hili jambo, lakini nisipokueleza wewe mwenyewe sitapata amani.

Mama yako hakuweza kusafiri kutoka Aljeria. Aliomba jambo moja tu: jina lako liandikwe kwenye programu ya mazishi kwa herufi za kwenu, Tifinagh, zile ulizokuwa ukinichorea hapa kwenye karatasi zilizoharibika huku ukisubiri nifunge duka. Uliipenda zaidi ile ya sauti ya z, iliyo kama mtu aliyeinua mikono na kutanua miguu. "Ayuma, huyu ni mtu huru," ulisema. Mimi nikasema ni mtu anayefukuza kuku. Ulicheka mpaka ukaketi.

Kaka yako alinitumia jina kwa simu, na kwenye simu lilionekana vizuri. Nikalihamishia kwenye kompyuta. Stima ikapotea, ikarudi, na watu wa Khwisero wakawa wananipigia kuuliza programu ziko wapi. Nikachapa bila kuangalia. Mimi, na miaka yangu yote katika kazi hii.

Niliona tukiwa tayari kaburini. Chini ya picha yako kulikuwa na visanduku sita vitupu. Ambani alikuwa ameinua simu ili mama yako afuatilie mazishi, na mtu akamsogezea ukurasa aone. Mama akasema kitu, kaka yako aliyekuwa kando yake akatafsiri: "Anauliza, mtoto wangu mmemwandika wapi?"

Baada ya mazishi waliniletea obusuma na ingokho, ugali na kuku. Nikarudisha sahani ilivyokuja.

Wiki mbili sikufungua duka. Halafu nikamwendea Nafula, yule anayefundisha kompyuta karibu na soko. Aliitazama faili yangu akasema, "Jina halijapotea. Kila herufi ina namba yake, ileile dunia nzima. Kompyuta yako namba inayo, ila haina umbo la kuchora, kwa hiyo inaweka kisanduku." Ile z yako ni 2D63. Niliiandika kwenye kiganja. Akaingiza fonti inayojua herufi zenu, na jina lako likatokea pale pale mahali pa visanduku. Nililia mbele ya wanafunzi wake. Ulikuwa humo muda wote, Tiziri, nami nikakupeleka kaburini bila jina.

Fundi wa mawe aliyechonga jiwe la kaburi lako naye alinitoa jasho. Mashine yake ilileta visanduku vilevile. "Mama, tuweke tu Z ya kawaida. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Mama yake atajua."

Nilimchapia jina kubwa kwenye karatasi, akalibandika juu ya jiwe na kulifuata kwa patasi. Nilikaa hapo kwenye vumbi mpaka akamaliza herufi ya mwisho.

Jiwe tuliliweka Jumamosi moja. Ambani alimpigia mama yako, na mama akasoma herufi moja moja kwa sauti, kidole chake kikigusa kioo cha simu. Hakusema lolote kuhusu programu. Aliomba tu, kaka yako akitafsiri, nisogee karibu, auone uso wangu.

Tangu hapo nampigia kila Jumapili. Hatuna lugha moja. Ananionyesha mkate wake, nami namwonyesha mahindi yangu yalipofikia. Juzi alisinzia simu ikiwa mkononi. Sikukata. Nilikaa nikimsikiliza akipumua.

Lala salama, dada. Nitaendelea kumpigia, hata Jumapili ambazo sina nguvu ya kuongea na mtu yeyote.

Wako,
Ayuma