Mashine ya Pafu Moja

Mpendwa dada Bukuru,

Butoyi yu hai. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu ilinifundisha kuweka habari mbele, na kwa sababu nikianza na mimi huenda nisifike.

Unaikumbuka kompyuta ya chumba chetu Ujiji, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi. Mimi mwandishi wa redio, wewe mkalimani wangu, uliyelelewa mtaani Kasingirima baada ya kupotezana na ndugu yako mkiwa watoto. Watu walipanga foleni kutaja waliowapoteza, tuwarekodi, redio itangaze. Sauti ilikaa kwanza kwenye memori ya mashine. Ikizidi nusu dakika, kioo kiliganda na kila kitu kikapotea.

Nikaagiza kadi kubwa ya memori Dar es Salaam. Fundi alipoichomeka, mashine ililia tu, ikakataa kuwaka.

"Ubao mkuu wa mashine hii hauitambui kadi kubwa hivi," alisema. "Umeshafika mwisho wake. Lakini diski ina nafasi tele. Memori ni meza, diski ni stoo. Meza ikijaa, hamishia stoo, halafu rekodi kipande cha pili."

Ulicheka. "Kumbe mashine ya kaka ina pafu moja!"

Nilimwelewa fundi vizuri. Ila vipande viwili kwa kila mtu vingenipunguzia watu, na foleni ilifika barabarani. Nikakuambia, "Waambie wafupishe. Jina lake na anayemtafuta. Basi."

"Kaka, Mrundi hajitaji bila kilima cha kwao na jina la baba yake. Hiyo ndiyo salamu."

"Salamu inakula memori."

Ukawafupisha. Ulikuwa ukiwagusa bega mara tu walipoanza kutaja kilima. Zamu yako ilipofika, hukuomba upendeleo: "Mimi ni Bukuru. Namtafuta pacha wangu, Butoyi." Muda ulikuwa bado upo. Ulinitazama, nami nikabonyeza kuhifadhi.

Kwa Warundi kila pacha wa kwanza ni Bukuru, na wa pili ni Butoyi. Nililijua hilo. Kilima chenu nilikijua pia, na mizinga ya nyuki ya baba yenu, maana ulinisimulia asubuhi nyingi tukisubiri mashine iwake. Kisha ukarudi Burundi kwa meli pamoja na waliorejea, na sijakupata tangu hapo; ndiyo maana nakuandikia gazetini.

Mwezi uliopita nilikwenda Kidahwe kuandika habari za mawese. Muuzaji mmoja alinisalimu kwa kirefu: kilima, baba, mizinga. Nikaketi juu ya dumu lake. Nilimuuliza kama hakulisikia tangazo lako alipokuwa kambi ya wakimbizi.

"Nililisikia, Mzee. Tulikuwa Mabutoyi wanne kwenye redio moja. Tukataniana: 'Dada yako huyo!' 'Wangu? Wako wewe!' Kisha tukazima, betri isiishe."

Najua kufupisha kulitufikisha kwa watu wengi zaidi. Nimejiambia hivyo miaka yote. Sasa najiuliza ni wangapi walisikika bila kujulikana. Mpaka wa mashine ulikuwa wa kweli, dada, lakini ule wa siku yako haukuwa wa mashine. Ulikuwa wangu, na wewe ulikuwa umeshauzoea.

Nilimwomba Butoyi aseme tena, nami sikumkatiza. Nayaweka hapa maneno yake, kwa kuwa sijui gazeti hili litakufikia wapi:

"Amahoro, amani kwako, Bukuru. Mimi ni Butoyi, mwana wa Ntirampeba wa mizinga ya nyuki, wa kilima cha Gasaka, upande unaotazama ziwa. Tulipokimbia ulinificha nyuma ya mzinga uliovunjika, ukaniambia nisitoke mpaka uniite kwa jina. Niko Kidahwe, kwenye mawese, barabara ya Kasulu. Niite tena."

Nakuaga hapa, nisiongeze langu juu ya lake.

Kaka yako wa Ujiji