Mshipa Tuliourithi kwa Baba

Mpendwa dada Mwanahamisi,

Vuli imewahi mwaka huu hapa Kwaluguru. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwako, na mwanao Rehema yuko ndani anabishana na redio.

Wakati wa palizi ulikuwa ukinitangulia, halafu unageuka kunicheka: "Wewe unapalilia au unayabembeleza magugu?" Siku ile hukucheka. Ulishika kisogo ukasema, "Kichwa kinapasuka, mdogo wangu," ukakaa chini taratibu kama mtu anayepumzika. Tulikupakia kwenye bodaboda, mimi nimekukumbatia kwa nyuma. Ulitutoka kabla hatujafika Handeni.

Baba naye aliondoka vivyo hivyo, kashika kichwa. Basi maneno yakaanza msibani: ni bamdogo Salehe, analitaka shamba la kaka yake. Mzee wa watu hata arobaini yako hakuja. Alihamia Korogwe kwa mwanawe.

Kisha Rehema akaanza kuumwa kichwa. Upande wa baba yake walitaka apelekwe kwa mganga. Mimi nikampeleka hospitali, Korogwe. Daktari akauliza, "Kwenu kuna aliyekufa ghafla akilalamikia kichwa?" Nikamtaja baba, nikakutaja na wewe. Akatuandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Huko walikuta mshipa mmoja wa damu kichwani mwa mwanao umevimba kama kipovu, bado haujapasuka. Wakanieleza kwamba udhaifu huo mara nyingine hutembea kwenye ukoo, toka kwa mzazi hadi kwa mtoto. "Si kila mtu anaurithi," daktari alisema, "na anayeurithi si lazima umuue." Walimpasua, wakaubana ule mshipa. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama mdogo, nywele zangu ziko wapi?" Nililia wodini mpaka watu wakadhani nimefiwa.

Wakati wa kurudi tulipita kwa bamdogo. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kumbe kaka alikuwa anaumwa," akasema. Baadaye kidogo, "Na binti yake sikumwombea hata dua."

Wiki iliyofuata alikuja kaburini kwako. Waliokuwa wakimsema ndio waliomwekea mkeka.

Na mimi nimepimwa, dada. Ninao uvimbe ule. Ni mdogo, wanasema tuuangalie tu: nitunze presha, nirudi kupimwa kila wanaponiita. Asubuhi nikiamka na kichwa kizito moyo hushtuka, kisha hutulia, nachukua jembe.

Jana niliwakalisha wanangu nikawaeleza, nao watapimwa wakifika umri. Yule mkubwa akauliza, "Mama mkubwa yeye alikuwa anajua?" Nikamwambia hapana, hakuwa na wa kumwambia.

Lala salama, dada. Rehema ninaye.

Mdogo wako